Kadi ya Kumbukumbu

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi hukutana na methali hii darasani, wakaitungia insha na kuisahau. Watoto wa Obunga, mtaa wa nyumba za mabati na udongo ulio ubavuni mwa mji wa Kisumu, waliisomea kibandani, mbele ya runinga ndogo na mtambo wa PlayStation, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mtambo huo ulizinduliwa nchini Japani tarehe 3 Desemba 1994, na hatimaye ukauzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Kwingineko mtu aliununua akauweka sebuleni, ukawa wake na nduguze. Obunga, mtambo mmoja ulikuwa wa mtaa mzima. Mwenye kibanda alitoza shilingi tano kwa mchezo, na sheria ilikuwa moja: anayeshindwa huinuka, mshindi hubaki. Kwa hiyo mchezo haukupimwa kwa uzuri wa picha zake pekee, bali pia kwa idadi ya watu uliowaketisha benchini. Crash Bandicoot, yule mnyama mcheshi arukaye mashimo, hakudumu. Humchezesha mmoja huku wengine wakipiga miayo.

Tekken 3, mchezo wa ngumi na mateke, uliwaweka wawili ana kwa ana. Kipenzi cha wanagenzi alikuwa Eddy Gordo, Mbrazili apiganaye kwa capoeira, kwani hata asiyejua lolote akibonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, Eddy huzunguka kama pia na kuwaangusha mabingwa. Waliozoea mchezo waliita hilo uhuni. Hakuna aliyewaambia vijana hao kuwa capoeira ilizaliwa miongoni mwa Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani. Walimpenda Eddy jinsi mtu ampendavyo jamaa asiyemjua.

Lakini mfalme wa kibanda alikuwa Winning Eleven, mchezo wa kandanda wa kampuni ya Konami. Diski iliyofika Obunga ilikuwa ya Kijapani: maandishi ya Kijapani, mtangazaji wa Kijapani. Nijeria na Kameruni zilikuwamo; Harambee Stars hawakuwamo. Hapo ndipo kijana mmoja wa darasa la saba alipogundua ukurasa wa kubadilisha majina ya wachezaji. Hakujua hata herufi moja ya Kijapani. Alihesabu hatua tu: chini mara tatu, kulia mara moja, bonyeza. Akaifuta Kameruni, akaandika Gor Mahia, tena ile ya mwaka 1987 iliyotwaa Kombe la Washindi Barani Afrika kabla yeye hajazaliwa: Peter Dawo, Austin Oduor, Abbas Magongo, na wenzao wote aliosimuliwa na wajomba zake.

Ila mtambo ule hauna kumbukumbu ya ndani. Kinachoandikwa hubaki tu iwapo kimehifadhiwa katika kadi ndogo inayochomekwa mbele, na kibanda hakikuwa na kadi. Stima ikikatika, nayo ilikatika mara kwa mara, Dawo alirudi kuwa Mkameruni. Kijana aliandika upya majina kumi na moja, jana, leo na kesho, mpaka wenzake wakachoka kumsubiri.

Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wanaokaanga mgongo wazi, kazi iliyoupa mtaa huo jina hata nje ya Kisumu. Viwanda vya samaki hukata minofu ya sangara na kuisafirisha ng'ambo; kinachosalia, kichwa na mifupa yenye mabaki ya nyama, hununuliwa na akina mama hao, kikakaangwa na kuwa kitoweo cha wasiomudu minofu. Biashara hiyo hutegemea mtaji wa alfajiri: asiye na pesa kiwandani hurudi na karai tupu. Mtaji huo mama aliuweka katika kopo la majani ya chai. Jioni moja kijana alilifungua, akatoa bei ya kadi kuukuu.

Kesho yake moto haukuwashwa. Mama alimfuata mwanawe kibandani, akafungua pazia. Vijana walinyamaza, wakitarajia fimbo. Hakupiga mtu. Aliitazama runinga, akauliza kadi ni ya kazi gani, akaelezwa.

"Nyathina," akasema, "sisi tulicheza ajua kwa kokoto. Mvua ilifuta mashimo, kesho yake tukachimba mengine. Nilikosa samaki leo ili wewe usisahau watu kumi na mmoja?"

Kadi ilibaki kibandani, nazo pesa zikarudishwa polepole. Kijana aliamka alfajiri kubeba karai, na kwa mwezi mzima hakuwa na shilingi tano ya kucheza. Ndipo alipopata kazi nyingine. Sauti ya runinga ilizimwa, mtangazaji wa Kijapani akanyamaza, na kijana akasimama nyuma ya benchi kuutangaza mchezo. Kibandani watu walizungumza Kijaluo na Sheng, lakini mpira ulitangazwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo redio ilivyowazoesha kwa sauti za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela. Alitafuta maneno: kimia, mkwaju, lango, chenga, kipenga. Nijeria ikicheza na Ufaransa, aliwaita wachezaji kwa majina yale yale kumi na moja, bila kukosea hata moja, na waliokuwa njiani wakasimama mlangoni kusikiliza.

Uundaji wa mtambo huo ulikoma Machi 2006. Kadi nayo huchakaa, kisha ikafuta ilichoaminiwa. Kijana hakuwahi kuuliza iliko. Kwa Kiswahili neno kumbukumbu lina maana ya uwezo wa mtu kukumbuka, na pia ya maandishi yanayohifadhiwa asipoweza. Alikuwa amenunua ya pili kwa mtaji wa mama yake, ilhali ile ya kwanza alikuwa nayo tangu zamani, bure. Kukubali kushindwa na mama kulimgharimu mwezi mmoja bila padi mkononi. Hadi leo hajajuta.