MIMBA YA MIAKA MITANO IPO, ILA SI YAKO (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita niliwaahidi somo la homa za watoto. Naomba mnisamehe, nimelisogeza mbele. Kuna jambo limetokea wodini limenikalia rohoni, na nisipoliandika leo sitalala. Chukua chai yako, mlaze mtoto, tuongee.

Alikuja dada mmoja, mimba ya kwanza, na mama mkwe wake. Nikaangalia kadi ya kliniki, nikahesabu mara ya kwanza, nikahesabu mara ya pili. Wiki 42 na siku tatu. Uchungu hakuna. Nikauliza mbona mmechelewa hivi? Dada akainamisha macho. Mkwe ndiye aliyejibu: "Mwanangu, hii mimba imelala. Hata mimi kwetu yupo aliyekaa nayo mwaka mzima. Tumekuja tu mtupe dawa ya kuongeza damu, itaamka yenyewe."

Sasa mwenzangu, hapo wengi wetu manesi huwa tunacheka. Mimi sikucheka, na nitakwambia kwa nini.

Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kazini, kwenye kituo kingine kabisa, dada mmoja aliniuliza swali hilohilo. "Sista, eti mimba inaweza kulala?" Nikacheka. Mwenzangu wa zamu naye akacheka. Hatukucheka kwa ubaya, ila tulicheka. Tukamwambia arudi kesho yake na vifaa vyake alazwe. Akachukua kadi yake, akatoka. Kesho hakuja. Alirudi siku ya nane, mtoto ameacha kucheza. Nikaweka kipimo tumboni, nikasogeza huku, nikasogeza kule. Kimya.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi siku ile. Akasema, "Niliona mnanicheka, nikajua hamlijui jambo hili. Nikaenda kwa anayelijua."

Kile kicheko ninacho mpaka leo. Kwa hiyo safari hii nikavuta kiti, nikakaa, nikamwamkia yule mama, nikamwambia: "Mama, mimba ya kukaa miaka ipo kweli. Na iko hapahapa kwetu Tanga."

Wote wawili wakanitazama. Na wewe usome uone.

SAMAKI WETU

Wa Kigombe, Mwarongo na Mwambani mnamjua silikanti. Samaki mkubwa, anaweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100, magamba magumu, mapezi manene ya nyama yanayochezeshwa kwa zamu kama mtu anayetembea. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu. Waliamini ameshatoweka duniani zamani za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Halafu Desemba 1938 akavuliwa mmoja mzima Afrika Kusini. Mwanamke aliyemtambua kwamba si samaki wa kawaida, Marjorie Courtenay-Latimer, alikuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji wa East London, kijana wa miaka thelathini na kitu. Jina la kisayansi la samaki huyo, Latimeria, limetoka kwake.

Huku kwetu, kuanzia 2003 na 2004, jarife za wavuvi zilizoshushwa kina kirefu zikaanza kumleta, Kilwa kwanza, halafu Tanga kwa wingi uliowashangaza wataalamu. Ndiyo maana mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kutoka upande wa Pangani kuja mpaka maeneo ya jiji letu. Ukimwona mvuvi anasimulia, atakwambia pia kwamba nyama yake si ya kula: imejaa mafuta na inaharisha.

Haya, sasa lile la uzazi. Silikanti hatagi mayai kama changu au kolekole. Anazaa watoto hai. Hilo lilijulikana mwaka 1975, wataalamu wa Marekani walipompasua jike aliyekuwa amehifadhiwa makumbusho wakakuta watoto watano tumboni, kila mmoja na kifuko chake cha kiini cha yai. Mwaka 1991 akavuliwa jike mwingine Msumbiji akiwa na watoto 26. Yai lake moja ni kama chungwa kwa ukubwa. Hebu fikiria.

Na mwaka 2021 wanasayansi wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27. Gamba la samaki lina mistari kama pete za mti uliokatwa, unahesabu miaka. Zamani watu walihesabu mistari mikubwa inayoonekana kirahisi, wakasema anaishi miaka kama 20. Hawa wakatumia taa ya namna ya pekee kwenye hadubini, wakaona mistari myembamba katikati ya ile mikubwa. Wakahesabu upya. Makadirio yao: anaishi karibu miaka 100, jike anaanza kuzaa akiwa na miaka 50 na ushee, na mimba yake inachukua kama miaka 5.

Miaka mitano! Tembo tunayemshangaa anabeba miezi 22 tu.

Yule mama mkwe akasema, "Subhanallah." Mimi nikaendelea.

NA KULALA NAKO KUPO

Nikamwambia, mama, hata mimba kulala ipo. Wale popo wakubwa wa matunda wanaoning'inia kwenye miti wakipiga kelele, miaka ya 1960 walichunguzwa kule Kampala. Ikaonekana jike anapandwa, yai linarutubishwa, halafu linakaa tu ndani ya kizazi kwa miezi kadhaa bila kujishikiza. Msimu wa kufaa ukikaribia, linajishikiza na kuanza kukua. Hiyo ndiyo mimba iliyolala, na ni ya popo.

Kwa binadamu haiko hivyo. Yai letu likisharutubishwa, linajishikiza kwenye ukuta wa kizazi ndani ya siku kama 6 mpaka 10. Likishajishikiza halisimami. Ama linakua, ama linaharibika.

Na tofauti yetu na silikanti ni hii. Mtoto wa silikanti amefungiwa chakula chake, lile yai kubwa la kama chungwa. Yuko kwenye maji ya baridi, kina kirefu, mwili unaenda polepole. Sisi pia tunaanza na kifuko kama hicho, na ukipigwa picha ya tumbo mapema, kwenye wiki ya 6 hivi, utakiona, kiduara kidogo. Lakini hakina akiba ya maana ndani. Mtoto wetu anaishi kwa kondo la nyuma. Hewa inapita hapo, chakula kinapita hapo, uchafu unatokea hapo. Na kondo halikuumbwa likae miaka mitano. Wiki ya 41 ikishapita, kwa baadhi ya kina mama linaanza kuchoka. Maji ya uzazi yanapungua. Mtoto anaweza kujisaidia humohumo akayavuta yale maji machafu. Na hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Nje anaonekana amelala, kumbe ndani anaishiwa hewa.

Ndiyo maana wiki ya 41 ikitimia na hesabu ni ya uhakika, Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe hospitali. Usimsubirie "aamke".

SASA HUYO ALIYEKAA MWAKA JE?

Najua unamjua mmoja. Kila mtaa yupo. Simwiti mwongo. Mara nyingi ukimhoji taratibu unakuta moja ya haya:

1. Alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, hajaona siku zake tangu ajifungue. Hana tarehe ya kuanzia kuhesabu.

2. Alikuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Sindano inaweza kukuchelewesha kuona siku kwa miezi hata ukishaiacha. Kukosa siku si lazima iwe mimba.

3. Mimba ya kwanza iliharibika mapema, akatokwa na damu akadhani ni kawaida, akashika nyingine. Yeye anahesabu kuanzia ile ya mwanzo.

4. Tumbo ni uvimbe wa kizazi au wa kifuko cha mayai. Huyu ndiye wa kumhurumia, maana anatibiwa "mimba iliyolala" huku ugonjwa unakua.

Na kuna sababu ya tano ambayo niliipenda nilipoikokotoa mwenyewe. Bibi zetu wa pwani wanahesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi mmoja ni siku 29 na nusu, kwa hiyo miezi tisa ni kama siku 266. Unajua ni siku ngapi toka yai kurutubishwa mpaka mtoto kuzaliwa? Kama 266 hizohizo. Bibi hakukosea hata kidogo!

Tatizo ni pa kuanzia. Wanaanza pale mwanamke alipokosa siku zake, na hapo mimba yetu sisi wa kliniki ina wiki 4 tayari, kwa sababu tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Jumlisha siku 28 na siku 266, unapata 294. Gawa kwa 7. Wiki 42 kamili. Yaani bibi akisema "miezi tisa imetimia leo," kwa kalenda yetu mama ameshafika ukingoni. Na akikwambia "tuongeze wiki moja tu," anakupeleka wiki ya 43.

Nilimchorea yule mama mkwe hesabu hii nyuma ya karatasi. Akaiangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nimehesabu sawa?" Nikamwambia, "Umehesabu sawa mama, umeanzia mbali tu." Akamgeukia mkaza mwanawe: "Vua baibui, panda kitandani."

Mapigo yalikuwepo. Tukamlaza, daktari akaja, uchungu ukaanzishwa. Usiku chupa ilipopasuka maji yalikuwa ya kijani. Mtoto alitoka amelegea, ngozi imekauka inabanduka kama aliyekaa juani. Tulimhudumia, dakika zile za kwanza ni ndefu jamani, usizione saa inavyoonyesha. Halafu akalia. Wa kiume, kilo 3 na gramu 400. Mkwe asubuhi alikuja na chupa ya uji na mbaazi za nazi, akasimama mlangoni akauliza, "Silikanti wangu yuko wapi?" Wodi nzima ikacheka, na safari hii nami nikacheka.

CHUKUA HAYA UONDOKE NAYO

Andika tarehe. Kila mwezi, siku ya kwanza ya hedhi, kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu, hata kama hutafuti mtoto.

Jua tarehe yako ya makadirio. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, halafu miezi 9. Mfano hedhi ilianza 10 Januari: unapata 17 Oktoba. Hesabu hii inafaa kama siku zako zinakuja kwa mpangilio wa kama siku 28.

Anza kliniki kabla ya wiki 12. Mahudhurio yanayoshauriwa sasa ni 8. Kama hujui tarehe zako, picha ya tumbo ya mapema, kabla ya wiki 24, ndiyo inayokadiria umri vizuri. Ukija mwishoni, picha inakisia tu, maana watoto wameshatofautiana ukubwa.

Wiki ya 41 ikitimia, njoo, hata kama husikii kitu chochote.

Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri wiki yoyote. Njoo saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana au macho kuona ukungu.

Na kwenu mama wakwe, shangazi na bibi mnaosomewa ujumbe huu na wajukuu: hatuwadharau. Hesabu yenu ya mwezi ni nzuri. Tunaomba tu muianzishe wiki nne nyuma.

Na kwa manesi wenzangu mnaonifuatilia. Mtu akikuuliza swali linalokuchekesha, jibu kwanza. Kucheka utacheka nyumbani.

Silikanti naye tumwachie bahari yake. Jike mmoja akinaswa na watoto 26 tumboni, hapo imepotea miaka zaidi ya hamsini ya kukua na miaka mitano ya kubeba. Baba watoto akiwa mvuvi, mwambie.

Wiki ijayo, inshallah, zile homa nilizowaahidi. Kama una swali la mimba na tarehe zako, liandike hapo chini, hata unaloliona la kijinga. Silicheki.