Ujira wa Kubweka

Katika miaka yangu ya udaktari wa mifugo Dar es Salaam, malalamiko kuhusu mbwa wanaobweka usiku kucha yalinifikia mara nyingi yakiwa na dawa yake tayari: sindano ya kumtuliza, kola ya umeme, au kumpeleka mbwa shamba. Kazi ilinizoesha kuuliza kwanza jambo jingine: mbwa huyu akibweka, anapata nini? Hoja yangu yote iko hapo. Mbwa hadumu kubweka bure. Kuna kitu kinachomlipa, na mara nyingi walipaji ni sisi wenyewe. Anayetaka kimya aguse malipo hayo, aliache koo.

Mtazame mbwa aliyefungwa mnyororo karibu na geti, iwe Sinza au Tabata. Bodaboda inapita, anabweka, bodaboda inatokomea. Muuza samaki anapita, anabweka, naye anakwenda zake. Sisi tunajua hao ni wapita njia tu. Kwa mbwa, amewafukuza. Anashinda vita vya namna hiyo kutwa nzima, na kelele za mwenye nyumba dirishani haziwezi kufuta ushindi huo. Tena kufoka kwenyewe ni malipo: aliyeshinda peke yake tangu alfajiri amepata hatimaye mtu wa kumjibu. Kwa hiyo hatua za kwanza nilizoshauri hazikuhusu adhabu. Geti lizibwe kwa bati asione barabara, banda lihamishiwe nyuma ya nyumba, afunguliwe mnyororo, atembezwe kabla jua halijawa kali, na chakula kimwagwe majanini akitafute kwa pua badala ya kukimaliza bakulini kwa dakika moja. Hapo ndipo mafunzo huanza: akinyamaza, hata kwa sekunde tatu, apewe dagaa papo hapo, kisha muda wa kungoja urefushwe kidogo kidogo. (Mbwa mzee aliyeanza kubweka ghafla ni habari nyingine, huyo apimwe masikio, maumivu na fahamu kabla ya kuitwa mkorofi.)

Pingamizi nililolisikia zaidi ni hili: nimemfuga alinde, ukimnyamazisha atanifaa nini? Silidharau, kwa maana wezi wapo. Lakini mlinzi anayebwekea kila kitu hampi mwenye nyumba habari yoyote, sawa na king'ora cha gari kinacholia kila paka akipita: watu hugeuka upande wa pili wakalala. Mwaka 2005 Péter Pongrácz na wenzake wa Budapest walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu sauti za mbwa zilizorekodiwa katika hali mbalimbali, kama vile mgeni anapokaribia, mbwa akiwa peke yake, au akicheza. Wasikilizaji walizitambua hali hizo vizuri kuliko ambavyo mtu angepata kwa kubahatisha, hata wale wasiofuga mbwa. Basi ndani ya kubweka mna habari, na habari hiyo huokoka tu pale mbwa anapobweka kwa kuchagua. Mafunzo hayamwondolei mwenye nyumba mlinzi. Humrudishia sababu ya kuamka.

Wengine husema fimbo au kola ya umeme inatosha. Hunyamazisha, kweli, kwa leo. Ila mbwa anayebweka kwa hofu, akichomwa umeme kila mgeni aingiapo, anaweza kujifunza kwamba wageni huleta maumivu, na wapo wanaoacha onyo wakabakiza meno. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010, na Mkataba wa Ulaya wa 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unakataza upasuaji wa kuwatoa sauti, isipokuwa kwa sababu za tiba. Upasuaji huo, kwa maoni yangu, ni kumfungia mgonjwa mdomo asiseme anapoumwa.

Pingamizi la mwisho lina ukweli mkubwa zaidi: nilimpuuza, akazidi. Ndivyo inavyokuwa. Tabia iliyozoea malipo, ikinyimwa, hupanda kwanza kabla ya kushuka, na wengi husalimu amri kileleni hapo hapo. Wanatoka, wanamfungulia mlango, na mbwa anajifunza kwamba bei ya mlango imepanda. Ferster na Skinner, katika kitabu chao cha 1957, walionyesha kwamba tabia inayolipwa mara moja moja hudumu kuliko inayolipwa kila mara. Kwa hiyo nyumba ambamo baba anapuuza na watoto wanatupa mkate kwa siri ni afadhali isianze kabisa. Na inayoanza, niliitaka ipite kwanza kwa majirani, kuwaambia kwamba siku chache zijazo zitakuwa na kelele kuliko zilizopita, na kuwaomba wasimrushie mbwa kitu chochote ukutani, si jiwe wala mfupa.