Mlezi wa Kazi

Shahada ni ufunguo, wala si nyumba. Aliye nayo huweza kufungua mlango, lakini ndani mna vyumba ambavyo ufunguo haukumweleza habari zake. Nakuambia haya, msomaji, kwa kuwa leo wakalia dawati, na baada ya miaka si mingi utaitwa mwalimu, muuguzi, karani au mhandisi. Siku hiyo utahitaji mlezi wa kazi, yaani mtu aliyekutangulia akubaliye kukuonyesha njia.

Mimi ni mzaliwa wa Garissa mjini, nami nilianza ualimu Sangailu, kusini mwa kaunti hiyo, katika nchi kavu ya wafugaji. Chuoni nilifunzwa kutayarisha azimio la kazi, kuandika andalio la somo na kutahini. Yote yalikuwa na manufaa. Lakini mvua ikikosa, mifugo huhama, na watoto huhama nayo. Darasa lililojaa mwezi huu laweza kuwa tupu mwezi ujao. Kitabu cha chuo huita hali hiyo utoro. Mwalimu mkongwe aliyenipokea aliiita ukame. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kila mtoto alikokwenda na somo aliloliacha, ili arudipo aanzie hapo, asianze upya wala asione haya kurudi.

Mwalimu huyo alitoka mbali, lakini kwa kukaa kwingi aliijua nchi yangu kuliko mimi. Alijifunza Kisomali ukubwani, kwa hiyo alijua taabu ya kutafuta neno katika lugha ya pili. Mtoto akinyamaza baada ya kuulizwa kwa Kiingereza, aliniambia, "Mngoje, anatafsiri." Aliketi nyuma ya darasa langu akasikiliza. Shauri alinipa tukiwa wawili; sifa alinipa mbele ya watu. Huo ndio ulezi wa kazi, nao haugharimu fedha.

Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shambulio la Kamuthe, katika kaunti hiihii ya Garissa. Baada yake Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha kutoka kaskazini mashariki walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Mlezi wangu alikuwa mmoja wao. Uhai una haki mbele ya kazi, wala hapana awezaye kuwalaumu waliokwenda. Lakini hasara ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ilionekana na kila mtu: madarasa yalikosa walimu. Ya pili ilijificha: kijana aingiaye shule ambayo wakongwe wake wameondoka hana wa kumwuliza. Nafasi ya mtu yaweza kujazwa kwa barua moja ya ajira. Maarifa ya miaka ishirini hayajazwi kwa barua.

Mlezi wangu aliniachia daftari lile. Nililiendeleza, na kijana mwingine alipoajiriwa, tulilisoma pamoja jina kwa jina. Sikuwa mkongwe, lakini nilikuwa nimemtangulia kwa mwaka mmoja, na mwaka mmoja ni kitu kwa asiye na hata siku moja. Palipozidi elimu yetu tuliwauliza wazee wa mifugo, maana wao hujua masika yatawakuta watoto wapi.

Basi, msomaji, ukianza kazi usione aibu kuuliza. Aulizaye njia hapotei. Ukimpata mlezi, mheshimu na uandike akufunzayo, kwa sababu hujui atakaa nawe muda gani. Usipompata, mtafute aliyekutangulia hata kwa hatua moja. Na akija mwingine nyuma yako, usimwache ahangaike kwa kuwa wewe ulihangaika. Maarifa ni kama kisima katika nchi kavu: aliyekunywa ana deni la kuwaonyesha wengine kilipo.