Noti Isiyopigwa

Novemba 16, 1968, mjini Tallinn, Estonia ikiwa chini ya Umoja wa Sovieti, ilipigwa kwa mara ya kwanza kazi ya Arvo Pärt iitwayo Credo. Mtunzi huyo, mwenye umri wa miaka 33 wakati huo, aliuchukua utangulizi mmoja wa Bach wa mwaka 1722, ule mwepesi unaojulikana na kila mwanafunzi wa piano, akauzamisha katika makelele ya kwaya na orkestra, kisha akauibua ukiwa salama. Kilichowaudhi wakubwa hakikuwa makelele hayo, bali maneno ya Kilatini yaliyomkiri Kristo. Kazi ikapigwa marufuku.

Pärt akakaribia kunyamaza. Kwa takriban miaka 8 alitoa kazi chache mno, huku akijaza daftari baada ya daftari kwa mistari ya sauti moja, akijifunza kwa nyimbo za watawa wa zama za kati. Bingwa wa kuandikia orkestra nzima alianza upya, alifu kwa ujiti.

Mwaka 1976 kikatoka kijipande cha piano, Für Alina. Sauti ni mbili tu: ya kwanza hupanda na kushuka, ya pili karibu daima haitoki katika noti tatu za nyumbani kwake. Wapenzi wa utenzi hawahitaji kufundishwa jambo hili: vina vya ndani hubadilika kila ubeti, kile cha mwisho hakibadiliki. (Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa pingu, aghalabu ni wale wale wanaodhani arudhi humziba mshairi mdomo.)

Mwaka uliofuata ikaja Tabula Rasa, ya fidla mbili na orkestra ya nyuzi, umbo alilolipenda Vivaldi na Bach pia. Piano yake hupachikwa skrubu baina ya nyuzi, ikalia mithili ya kengele. Sehemu ya pili huitwa Silentium, yaani ukimya. Huko mwishoni fidla hunyamaza, na besi peke yake hushuka ngazi, polepole, hadi imebaki noti moja kufika nyumbani. Hiyo haipigwi. Ukumbi hukaa kimya, na masikio huimalizia ngazi yenyewe.

Mwaka 1980 Pärt aliihama nchi pamoja na mkewe na watoto, wakafikia Vienna. Kurudi kukaa Estonia kulingoja hadi 2010.