Indiketa za Land Rover

Tanga, Jumamosi, 8 Machi 2025
Glopu ya nyuma kushoto imekatika tena, ya tatu tangu Desemba. Njia ya shamba inaitikisa gari mpaka uzi wa ndani unakatika. Hii ni Series III ya 1978, ya marehemu baba, na sitaki igongwe kwa sababu ya taa. Nimenunua LED nne za rangi ya chungwa. Muuzaji alinisukumia nyeupe, nikakataa: vioo vyangu vimepauka, na mwanga mweupe ukipita humo hutoka hafifu juani.

Jumapili, 9 Machi
Nimezipachika. Zinawaka na kuganda hivyo hivyo, hazikonyezi. Ule mlio wa tik-tik haupo. Nimeichomoa flasha nyuma ya dashibodi, kikopo cha bati. Ndani mna kipande cha chuma ambacho umeme ukipita hupata joto, hupinda na kukata, kikipoa, hurudi. Glopu mbili za wati 21 huvuta ampea 3.5 hivi. LED zangu mbili hazifiki hata moja. Joto halipatikani, basi kipande kitapindaje? Flasha haina kosa.

Jumanne, 11 Machi
Kijana fundi umeme kaja. "Shikamoo mzee. Tufunge rezista, itakubali." Akafunga moja ya majaribio, omu 6. Ikakonyeza kwa uvivu, kisha rangi ya bodi ikaanza kunuka. Omu 6 kwa volti 12 ni wati 24 za joto tupu! Glopu yenyewe ilikuwa 21. Nimemwomba aitoe.

Jumamosi, 15 Machi
Rilei ya elektroniki, ya kushika nafasi ya flasha, imefika kutoka Dar. Ina miguu mitatu, ya zamani miwili; huo wa tatu unadai arthi. Bati la chini ya dashibodi limeliwa na chumvi ya bahari. Nimelisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nikakaza waya kwa skrubu, nikapaka grisi. Kazi yote ilikuwa hapo.

Sasa zinakonyeza. Nimehesabu kwa saa: mara 84 kwa dakika. Kanuni za kimataifa zinataka kati ya 60 na 120.

Kabla ya adhana ya magharibi mwanangu alisimama hatua hamsini nyuma. "Kushoto naiona, baba!" Kulia ikasita kidogo. Soketi ile ina kutu ya kijani, kesho naibadilisha.