Magugu Yasiyosikia Dawa

Sisi wenye bustani huko Kavimvira, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira, twajua palizi ni kazi ya nani: ni ya akina mama. Kwa hiyo pampu ya dawa ilipoingia nyumbani mwetu, migongo ilipata nafuu, wala hatumlaumu aliyeileta.

Lakini tulipotayarisha matuta ya nyanya msimu uliopita, tuliona jambo la kututia wasiwasi. Nyasi ile yenye vidole vya mbegu, jamaa ya ulezi, ilikuwa imekauka. Ila katikati yake mashina machache ya nyasi iyo hiyo yalisimama mabichi. Vijana walisema dawa imechakachuliwa. Mama mkubwa alisema magugu yamezoea. Ada ya shule hutoka katika nyanya hizo, basi shauri halikuwa dogo.

Kweli, si kila gugu linalopona ni sugu. Ndago huchipuka tena kwa sababu ya viazi vyake vilivyo ardhini. Mvua ikinyesha mara baada ya kunyunyiza, dawa huoshwa. Tena ile iitwayo glifosati hushikwa na udongo, hata maji ya mto yaliyochafuka kwa tope huipunguzia nguvu. Walakini mimea miwili ya namna moja, yenye kimo kimoja, iliyonyunyizwa pamoja, mmoja ukifa na wa pili ukistawi, hapo yafaa kushtuka.

Mama mkubwa alikaribia kweli. Gugu halijifunzi kuvumilia sumu. Katika maelfu huzaliwa moja ambalo sumu haliliwezi. Dawa huwaua wenzake wote na kuliachia nafasi, maji na mbolea. Nalo huzaa. Ukirudia dawa ile ile kila msimu, mwishowe shamba ni la uzao wake.

Mambo hayo yamekwisha kuwapata wengine. Glifosati ilianza kuuzwa mwaka 1974, na watu wengi walidhani haitashindwa kamwe. Mwaka 1996 nyasi sugu ilitangazwa Australia. Mwaka 1997 ikafuata Malaysia, katika mashamba ya matunda, na huko ilikuwa nyasi hii hii yetu ya vidole. Mwaka 2003 gugu jingine, ambalo mbegu zake hupeperushwa na upepo, lilionekana sugu Afrika ya Kusini.

Wauzaji watusamehe: kubadili chupa si kubadili dawa. Majina ya nje ni mengi, sumu ya ndani mara nyingi ni moja. Msomeni mtoto wenu aliye shuleni awasomee maandishi madogo.

Nyumbani mwetu pampu haikutupwa, ila haifanyi kazi peke yake. Twamwagilia tuta kabla ya kupanda, twangoja magugu yaote, kisha twayakwangua kwa jembe juu juu, tusije tukapandisha mbegu nyingine. Nyanya zikisimama, twatandaza majani makavu ya mpunga, yaliyokwisha kupukutishwa vizuri. Na yale mashina yaliyopona dawa hung'olewa kwa mkono kabla hayajachanua, yote, hata likibaki moja tu. Hatuyatupi mferejini, maana maji yangepeleka mbegu kwa jirani. Watoto huyaanika juu ya mawe, na jioni huchomwa.