Heri ya Mwingine

Kila ninapomenya nanasi humkumbuka jamaa yake mkubwa aishiye juu ya milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia. Mmea huo, Puya raimondii, waweza kukua miaka 80 au zaidi bila ua hata moja. Kisha huchanua maelfu ya maua kwa mara moja tu, humwaga mamilioni ya mbegu, na kufa.

Baadhi ya wafugaji huuchoma moto, kwani miiba yake hunasa kondoo. Siwalaumu upesi: kondoo ni riziki ya leo. Lakini moto wa siku moja huteketeza ahadi ya vizazi.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Mmea huu umenifunza kuongeza: heri hiyo yaweza kuwa ya mwingine. Je, u tayari kupanda usichotarajia kukichuma?